Kazi Nimebadili, Ujuzi Ninao: Niuandikeje?

Dawati la Ajira, Tanga: maswali ya wasomaji na majibu yetu

Barua za safari hii zimefanana kama kanga za doti moja. Mmoja ametoka jikoni, mmoja darasani, mwingine kwenye mkonge, na wote wanabisha hodi mahali ambapo jina la kazi yao ya zamani halifahamiki, wakiuliza ujuzi wao wauandikeje kwenye wasifu (CV). Tumezifupisha barua, na majina tumeyaondoa kama wenyewe walivyoomba.

Mama lishe, stendi ya Kange

*Shikamooni. Nimepika na kuuza chakula hapa stendi miaka tisa, nina wasaidizi watatu. Nilisikia wanatafuta mtunza stoo wa jikoni kwenye kambi ya wafanyakazi upande wa Chongoleani. Kijana wa steshenari akaniandikia wasifu wa ukurasa mmoja. Kwenye kazi akaweka "mjasiriamali", chini yake "mchapakazi, mwaminifu, anayeweza kufanya kazi kwenye mazingira magumu". Sikuitwa hata usaili. Tatizo ni kwamba sikusoma?*

Marahaba, dada. Kwa ulivyotueleza, tatizo tunaliona kwenye maneno kabla hatujafika kwenye shule. "Mjasiriamali" ni neno linalombeba muuza karanga na mwenye meli kwa pamoja, kwa hiyo anayesoma wasifu hapati cha kushika. Na zile sifa tatu za chini zimo kwenye wasifu wa kila aliyepita kwenye kompyuta ile. Kielelezo ni kimoja, kinanakiliwa kutoka mteja hadi mteja, na tumeshaona wasifu uliobaki na jina la mteja aliyetangulia katikati ya ukurasa wa pili.

Anza na tangazo la kazi, historia yako itafuata. Chukua kalamu upigie mstari kila tendo lililotajwa. Kwa mtunza stoo wa jikoni utakuta kupokea bidhaa, kukagua, kuandika kumbukumbu, kutoa kwa mpangilio, kuagiza kabla hazijaisha, kusimamia usafi. Kisha jiulize kwa kila tendo: hili nimelifanya wapi? Wewe karibu yote umeyafanya kila siku ya Mungu, ila hukuwahi kuyaita kwa majina hayo.

Ukishayapata, kila mstari uwe na vitu vinne: tendo, kiasi, namna ulivyofanya, na kilichopatikana. Cha nne kikikosekana andika vitatu, lakini usitunge. Mfano:

"Kununua na kupokea mchele, unga, maharage na samaki kutoka kwa wauzaji 5, kupima kwa mizani kabla ya kulipa."

"Kuandaa sahani zaidi ya 110 za wali kwa siku, siku 6 kwa wiki, nikiwapangia kazi wasaidizi 3."

"Kutunza daftari la mapato, matumizi na wateja wa mkopo, kufunga hesabu kila jioni."

"Kutoa kwanza bidhaa zilizotangulia kuingia, na kuagiza mchele unapobaki wa siku 2."

Utatuuliza hizo sahani 110 zimetoka wapi na wewe hujawahi kuhesabu. Zihesabu kwa kinyumenyume. Gunia la mchele la kilo 100 linakaa siku ngapi? Likiisha kwa siku 6, ni kilo 16 na nusu hivi kwa siku. Kilo moja ikikutolea sahani 7, hapo pana sahani kama 115 za wali. Andika "zaidi ya 110", na ukiulizwa kwenye usaili, ieleze hesabu hiyo hiyo mbele yao. Mtunza stoo anayeweza kutoka kwenye gunia hadi kwenye sahani bila kikokotoo amejibu nusu ya maswali. Zingatia tu kuwa namba ziwe za jiko lako, hizi zetu ni za mfano.

Cheo chako andika "Mmiliki na Msimamizi, Huduma ya Chakula, Stendi ya Kange", pamoja na mwaka ulioanza na "hadi sasa". Usiite mgahawa kama si mgahawa, maana Tanga si kubwa kiasi hicho na anayekuajiri huenda alishakula kwako. Kama unacho cheti cha kupima afya cha watoa huduma ya chakula, kitaje pamoja na tarehe, kwa sababu jikoni kwa mtu mwingine ni moja ya karatasi za kwanza kuulizwa.

Kitu kimoja zaidi. Kazi uliyoomba ni ya stoo, si ya upishi. Wengi wa fani yako hujaza nusu ukurasa kwa mapishi wanayoyajua. Pilau yako hata ikisifiwa hadi Horohoro, kwenye wasifu huu ipe mstari mmoja, nafasi iliyobaki iwe ya mizani, daftari na kuagiza. Tangazo la mpishi likitoka kesho, geuza: mapishi yapande juu, daftari lishuke. Wasifu wa mtu anayehama kazi haufungwi mara moja ukaisha. Nakala kuu inakaa nyumbani ikiwa na kila kitu, na kila tangazo linakatiwa lake.

Karani wa zamani, Muheza

*Nilikuwa karani kwenye shamba la mkonge miaka minne, upande wa korona na ghala la marobota. Sasa naomba ukarani wa ghala la mizigo mjini Tanga, na nafasi nyingine kama hiyo Mwanza. Nimeandika kila nilichofanya, kurasa nne. Hakuna aliyenijibu.*

Kurasa nne ni nyingi, lakini hata zingekuwa mbili, inaonekana umeandika kwa lugha ya shamba. Singa, brashi, korona ni maneno ya watu waliokulia kwenye mkonge. Mtu wa Tanga ataelewa kuwa korona ni mtambo wa kuchakata majani. Ukiandika "nilifanya kazi korona" ukapeleka Mwanza, tangu 2020 watadhani ulikuwa unahudumia wagonjwa.

Mtu wa ghala, popote alipo, ana maneno yake machache anayoyatafuta: idadi, uzito, alama za mzigo, hati, tofauti. Kazi yako ni kuhamisha ulichofanya kikae ndani ya maneno hayo. Robota la singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa kawaida ni kilo 250, na huo ni mzigo mzuri wa kueleza kwa sababu hesabu yake haina utata: marobota 30 ni tani 7.5. Basi badala ya "kusimamia marobota", andika:

"Kupima na kusajili marobota ya kilo 250, wastani wa 30 kwa siku (tani 7.5), kukagua namba na alama ya kila robota."

"Kulinganisha idadi iliyo kwenye leja na iliyopakiwa kwenye lori kabla ya kusaini hati ya kutolea mzigo."

"Kutafuta chanzo cha tofauti ya hesabu siku hiyo hiyo na kuiandikia taarifa."

Huo wa tatu usiuache. Mizigo kuhesabiwa ni jambo la kawaida, na kila aliyeomba ataandika kuwa anajua kuhesabu. Kinachowasumbua watu wa maghala ni hesabu isipolingana: imepotea wapi, nani ameiona, imeandikwa saa ngapi. Ukiweza kueleza mara moja ambapo leja ilisema 120 na ghalani yamo 118, ukarudi hati kwa hati mpaka ukaona pale yalipokosewa, hapo ndipo ujuzi wako unahama na wewe. Kwenye wasifu uweke kwa mstari mmoja. Maelezo yasubiri usaili.

Mahudhurio ya wakataji, kama uliwahi kuyaandika, nayo yanahama: "kuandika mahudhurio na kazi ya siku ya wafanyakazi" pamoja na idadi yao. Posho, mlo na nyumba za kambini viache.

Angalizo dogo: uzalishaji wa shamba zima, bei walizouzia na majina ya wanunuzi si vyako kuvitangaza. Andika kiasi kilichopita mikononi mwako. Mwajiri mpya akiona unamwaga hesabu za tajiri wako wa jana, anajua na zake zitamwagwa kesho.

Mwalimu, Chumbageni

*Nimefundisha Hisabati sekondari ya binafsi miaka minne. Naomba nafasi ya afisa mikopo kwenye taasisi ya fedha. Rafiki ameniambia nifiche ualimu, niandike wasifu wa ujuzi mtupu usio na orodha ya kazi. Ni sahihi?*

Hapana, mwalimu. Wasifu wa ujuzi bila kazi unamfanya msomaji aulize kitu kimoja tu: huyu anaficha nini? Ukiandika "ujuzi wa kufuatilia madeni" bila kusema ulifuatilia wapi na kwa nani, ni sawa na risiti isiyo na jina la duka.

Ulioandikwa kwa tarehe tu nao unakuumiza, kwa sababu jambo la kwanza linaloonekana ni "Mwalimu", na mwenye bahasha 200 mezani anaweza kuishia hapo. Chukua njia ya katikati. Juu kabisa, chini ya jina na simu, weka muhtasari wa mistari mitatu. Ufuate "Ujuzi unaohusika", mistari minne au mitano, kila mmoja ukitaja ulikopatikana. Kisha kazi zako, ya karibuni ikitangulia, halafu elimu, halafu wadhamini.

Muhtasari wako unaweza kuwa hivi:

"Mwalimu wa Hisabati wa miaka 4, niliyezoea kueleza asilimia na riba kwa lugha nyepesi, kutunza kumbukumbu za watu 180 kila muhula na kufuatilia wazazi waliochelewa kutimiza ahadi. Naomba nafasi ya afisa mikopo. Nina leseni ya pikipiki."

Ile sentensi ya mwisho tumeitoa kwenye barua yako, ulikuwa umeiweka pale chini pamoja na "napenda kusoma na mpira". Afisa mikopo mara nyingi anashinda barabarani, leo Pongwe, kesho Maramba, akitafuta vikundi na wadhamini wao. Kitu ulichokiona kidogo huenda ndicho kinachokutenga na mwenye shahada ya fedha aliyekaa mjini.

Sasa tutafsiri ualimu wenyewe. Azimio la kazi la mwaka ni kupanga kazi kwa wiki na kujipima umefika wapi. Madarasa 3 ya wanafunzi 60 ni kumbukumbu za watu 180, alama za kila mtihani, bila kuchanganya. Kikao cha wazazi ni kumwambia mtu habari asiyoipenda na bado mkaagana vizuri, na hakuna kazi ya mikopo isiyo na hilo. Kama uliwahi kusaidia ofisi kufuatilia ada, andika: wazazi wangapi, kwa njia gani, wangapi walilipa au waliingia makubaliano. Huo uwe mstari wa kwanza.

Andalio la somo, zana za kufundishia na ukorofi wa Kidato cha Pili havihami. Ufaulu wa wanafunzi? Mstari mmoja unatosha, ukiwa na mwaka na kiwango. Afisa utumishi wa benki hatafuti mwalimu bora, na kadiri unavyompigia debe ualimu wako ndivyo anavyozidi kushangaa kwa nini unauacha.

Barua ya maombi ndiyo mahali pa kujibu hilo swali, kwa sentensi mbili: kwa nini mikopo, na kwa nini sasa. Malalamiko ya mshahara wa shule ile yasionekane.

Mama wa nyumbani, Makorora

*Nimekaa nyumbani miaka sita nikilea. Kabla ya hapo nilikuwa muuzaji kwenye duka la shangazi. Nilichofanya kipindi hiki ni uweka hazina wa kikoba chetu, wanachama 28. Natafuta kazi ya keshia. Naona haya kuandika kikoba kwenye wasifu.*

Haya ya nini, mama? Vikundi kama hivyo vinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vimewekwa daraja la nne. Kama chenu kimesajiliwa, namba ya usajili ipo, na ni vizuri kusema kimesajiliwa.

Tuangalie unachokifanya. Wanachama 28, hisa moja shilingi 2,000, kila mmoja ananunua hisa 1 hadi 5 kwa wiki. Wote wakinunua 5, ni shilingi 280,000 mezani kwa kikao kimoja, mbele ya wanachama wenzako wanaokutazama vidole. Hicho ni kikomo. Wewe fungua daftari uone kwa kawaida inaingia ngapi, uandike hiyo:

"Mweka hazina, kikundi cha wanachama 28: kupokea na kuhesabu hisa, marejesho na mfuko wa jamii kila wiki, kuandika kwenye leja na vitabu vya wanachama, kusoma salio mbele ya kikao kabla sanduku halijafungwa kwa kufuli 3."

Zile kufuli tatu zisikupite. Funguo zinakaa kwa watu watatu, na mwajiri wa keshia akisoma anaelewa kuwa umezoea fedha inayohesabiwa mbele ya shahidi. Keshia anayefungua droo asubuhi na kuikabidhi jioni anafanya hayo hayo, tofauti ni mashine.

Duka la shangazi nalo liandike hata kama hukulipwa mshahara: "Muuzaji, duka la vyakula la familia", mwaka hadi mwaka, wateja wangapi kwa siku, na kama ulipokea malipo ya simu na kuyalinganisha jioni.

Ile miaka sita iandike kwa mstari mmoja, "Malezi ya familia", tarehe zake, basi. Usiombe radhi. Wako wanaoshauri mama aandike "msimamizi wa bajeti ya kaya" na "mratibu wa usafiri wa watoto". Sisi hatukubaliani nao. Kila nyumba ina bajeti na hakuna wa kuithibitisha, kwa hiyo mstari huo unaifanya mistari ya kweli iliyo jirani nayo ionekane ya mzaha.

Dereva bodaboda, Mabawa

*Nataka kuwa msambazaji wa bidhaa kwa muuzaji wa jumla. Boda ni ujuzi?*

Ni ujuzi, tena unaonekana. Andika daraja la leseni kama lilivyo kwenye kadi na tarehe inapoisha, miaka barabarani, maeneo unayoyajua kwa njia za ndani (taja: Duga, Msambweni, Raskazone, Pongwe), vifurushi ulivyowahi kupeleka kwa wenye maduka na fedha ulizorudisha. "Bila ajali" andika kama ni kweli tupu. Matengenezo pia: daftari la oili, breki na matairi kama unalo. Msambazaji anayeharibu chombo cha watu ni hasara, na mwenye chombo analijua hilo kuliko wewe.

Mstari mmoja unaoweza kukuinua: wateja wa kudumu. Kama kuna duka au duka la dawa unalolibebea kila wiki kwa miaka miwili, hiyo ni ajira kasoro mkataba.

Fundi wa kuchomelea, Pongwe

*Nimejifunza kwa mjomba, miaka 12 nachomelea mageti, matanki na matrela. Matangazo yote yanataka cheti. Nikiandika ujuzi vizuri, cheti kitasamehewa?*

Mara nyingi hakisamehewi, na hatutaki kukudanganya. Kuna ujuzi unaohama kwa maneno na ujuzi unaohama kwa karatasi. Kupanga kazi, kukadiria mali, kusimamia vijana wawili, kuongea na mteja: hivi maneno yanatosha. Kuchomelea bomba au mtambo ambao ukivuja unaua, hapo mwajiri anataka mtu aliyepimwa. Fundi umeme naye hivyo hivyo, kufunga nyaya za majengo kuna leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na wasifu mtamu haumpi leseni hiyo.

Habari njema ni kwamba huhitaji kurudi darasani kuanzia "hii ni nyundo". VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini, watu wanauita urasimishaji wa ujuzi. Wanaangalia unachojua, wanakupa kazi ya mikono uifanye mbele yao, penye pengo unaelekezwa, na ukifaulu unapata cheti cha kiwango ulichofikia. Nenda chuo cha VETA hapa Tanga uulize zamu inayofuata ni lini na gharama yake.

Wakati unasubiri, kusanya ushahidi. Picha za kazi 6 hadi 8, si 40, kila moja na maelezo: tanki la lita ngapi, bati la unene gani, mashine gani, siku ngapi, mwaka gani. Piga picha ya kiungo kwa karibu, maana anayejua kazi anatazama mshono kabla ya rangi. Ziweke kwenye faili moja tofauti, na kwenye wasifu andika "picha za kazi zipo zikihitajika". Makadirio uliyowahi kumwandikia mteja nayo yatunze: yanaonyesha unajua kutoka kwenye mchoro hadi kwenye idadi ya vyuma. Kwa nafasi ya msimamizi wa karakana, hiyo karatasi ina uzito kuliko geti lenyewe.

Na usiandike "miaka 12 ya uzoefu" peke yake. Miaka 12 inaweza kuwa mwaka mmoja uliorudiwa mara 12. Onyesha ulivyopanda: mwanafunzi, fundi, kisha unayepokea kazi na kugawa.

Maswali mafupi

*Picha, dini, kabila, hali ya ndoa?* Picha weka wakitaka. Dini na kabila havina kazi pale. Hali ya ndoa huhitaji, ila wakiuliza kwenye fomu yao jaza. Namba ya NIDA usiitawanye kwenye kila wasifu unaotuma. Fomu rasmi itakuomba kwa wakati wake.

*Kurasa ngapi?* Mbili. Maandishi ukubwa wa 11, mistari isibanane. Ukitoka shule mwaka jana, moja inatosha.

*Kwa nini niige maneno ya tangazo?* Kwa sababu baadhi ya kampuni kubwa hupitisha maombi kwenye programu inayotafuta maneno fulani, na hata palipo na binadamu, binadamu huyo ana orodha. Tangazo likisema "mapokezi ya bidhaa" nawe ukaandika "kupokea mali", huenda usihesabiwe. Epuka pia majedwali, visanduku vya rangi na nyota za kujipimia. Nyota nne kati ya tano za Kiswahili kwa mtu aliyezaliwa Ngamiani, tunashindwa hata kuuliza ile ya tano imekwenda wapi.

*Tangazo ni la Kiingereza.* Wasifu nao uwe wa Kiingereza. Lakini andika kwanza kwa Kiswahili mpaka kila mstari uwe na tendo na kiasi, ndipo utafsiri au utafsiriwe. Anayeanza na Kiingereza asichokimudu hunakili sentensi za watu, na kwenye usaili hukwama kwenye neno lake mwenyewe.

*Nitume vipi?* PDF, faili lenye jina lako na nafasi unayoomba. Lifungue kwenye simu ya mtu mwingine kabla hujatuma. Kama faili limetoka steshenari, hakikisha unabaki nalo kwenye barua pepe yako, vinginevyo kila marekebisho utalipia.

*Ajira za serikali?* Kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira huwezi kutegemea wasifu uliopambwa tu. Unajaza vipande kimoja kimoja, na sifa za msingi ndizo zinazochuja kwanza. Ujuzi wa kuhama nao unakusaidia baada ya kuvuka ungo huo, hasa kwenye barua na usaili. Soma masharti ya vyeti kwa makini: matangazo yao huwa yanakataa karatasi za matokeo badala ya cheti chenyewe.

Mshonaji, Usagara

*Nimejiajiri tangu nimalize shule. Wanataka wadhamini watatu. Mimi sina bosi, nimwandike nani? Naomba kazi ya ukaguzi wa ubora kwenye kiwanda cha nguo.*

Mdhamini si lazima awe bosi. Awe mtu aliyeona kazi yako ikifanyika na asiye ndugu yako. Kwako tunawaona watatu bila kuhangaika: anayekuuzia vitambaa na nyuzi, ambaye anajua unalipa kwa wakati, mwalimu mkuu au msimamizi uliyemshonea sare, ambaye anajua ulipeleka idadi ileile kwa tarehe ileile, na aliyekufundisha ufundi. Mwenyekiti wa mtaa anafaa kwa tabia, lakini hajui mshono, kwa hiyo asiwe wa kwanza.

Kwa kazi ya ukaguzi, yule wa sare ndiye silaha yako. Mstari wako uwe hivi, kwa namba zako: "Kushona sare 140 za saizi 5, kupima kila nguo dhidi ya kipimo kabla ya kukabidhi, zilizorudishwa kwa marekebisho 3." Zile 3 ziandike. Mkaguzi anayesema hakuna hata moja iliyorudi, wenye kiwanda watajiuliza kama alikagua. Uwe tayari kusema zilirudi kwa kosa gani, mkono kupishana au zipu, na ulibadili nini kwenye hatua ya kukata ili lisijirudie.

Mpigie simu kila mdhamini kabla hujaandika namba yake, umwombe ruhusa. Halafu msomee ile mistari inayomhusu, neno kwa neno. Kinachoharibu mara nyingi ni hiki: wasifu unasema sare 140, mdhamini anaulizwa ghafla akiwa sokoni, anajibu "alinishonea shonea nguo kidogo". Hakusema uongo, amesahau tu. Na uandike namba yake inayopatikana mchana, si ile anayoiwasha akirudi nyumbani.